Kabla Hujatia Dole Gumba

Ukishuka kutoka Tarime mjini kupitia Nyamwaga hadi Nyamongo, utapita nyumba ambazo hazijawahi kutoa moshi wa jiko. Kuta nyembamba, bati jipya, kufuli mlangoni. Hakuna kuku, hakuna kamba ya kuanikia nguo. Hizo ndizo tegesha. Zimejengwa zimngoje mthamini, maana mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002, umekuwa ukipanuka, na kila unapopanuka shamba la mihogo lililo jirani linageuka bidhaa. Upande wa Serengeti, kuanzia Mugumu hadi Robanda, biashara ni ileile ila mnunuzi ni mwingine: mwenye kambi ya watalii, au mtu aliyesikia habari za lami ya Tarime hadi Mugumu akataka kuwahi kipande cha kando ya barabara.

Makala hii ni ya mwenye shamba. Msimamo wangu niuseme mapema ili usije ukadhani nauficha. Bei ya ardhi inapopanda namna hii, ongezeko hilo halikuletwa na jembe la mtu mmoja. Limeletwa na barabara iliyojengwa kwa kodi, na dhahabu ya Jamhuri, na nyumbu wanaopita salama kwa sababu kuna vijiji vinavyowavumilia tembo, na nguzo za umeme, na wingi wa watu waliohamia. Kwa haki, sehemu nzuri ya ongezeko hilo irudi kwa jamii, na aliyehamishwa asiondoke akiwa maskini kuliko alivyokutwa. Anayestahili kidogo kabisa ni yule aliyewahi kusikia habari ofisini, akanunua eka tatu za mama mjane kwa bei ya ng'ombe wawili, akakaa kusubiri. Kwa sasa huyo ndiye anayekula kuliko wote.

Hoja hii si ngeni Mara. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza Waafrika wapewe umiliki binafsi wa ardhi usio na kikomo, Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliandika kijitabu alichokiita Mali ya Taifa kulipinga pendekezo hilo. Kwa Mwalimu, ardhi ilikuwa zawadi ya Mungu kwa wote, na cha mtu binafsi ni jasho alilotia humo. Alihofu kwamba ardhi ikiuzwa kama bidhaa nyingine, wachache wenye fedha wataimaliza na wengi watabaki wapangaji katika nchi yao. Baada ya uhuru, mwaka 1963, umiliki huo wa kudumu ulifutwa na ardhi ikabaki mikononi mwa umma, Rais akiwa mdhamini.

Lakini msimamo huo ulikuwa na upande wa pili ambao hausemwi sana. Kama ardhi tupu haina bei, basi serikali au mwekezaji anayeichukua analipa nini? Analipa ukuta, bati na mgomba. Shamba lililopumzishwa, malisho ya ukoo, mlima wa kuni, vyote havihesabiki. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay, ilisema wazi kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sera ya Ardhi ya 1995 na sheria mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zikakiri kwamba ardhi yenyewe ina thamani, na kwamba anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mazoea hayakubadilika haraka kama maandishi. Watu wa Nyamongo walikuwa wameshajifunza kwamba kinacholipwa ni kilichosimama juu ya ardhi, nao wakasimamisha. Ndiyo maana siwezi kuwaita wenye tegesha wezi tu, kama wanavyoitwa kwenye mikutano ya wakubwa.

Sasa tuingie kwenye ya kufanya.

Jambo la kwanza ni karatasi, na lishughulikiwe kabla hujasikia fununu yoyote ya mradi. Mashamba mengi ya Tarime yanajulikana kwa mdomo: mpaka ni mkonge, au jiwe, au mti ambao babu aliuonesha. Wakati bei iko chini, mdomo unatosha. Bei ikipanda, ndugu wawili waliokula chungu kimoja wanasimama Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya wakipigania hatua kumi. Waite wazee wanaoijua mipaka wangali hai, muite mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote nne, mkubaliane, mwandike, kila mtu atie sahihi. Kisha omba hati ya hakimiliki ya kimila kijijini. Ili kijiji kiweze kuzitoa hati hizo kinatakiwa kiwe na cheti chake cha ardhi ya kijiji, kwa hiyo kama mtendaji wa kijiji atakwambia hati hazitoki, swali la kumuuliza ni hili: cheti chetu kiko wapi, na nani anakifuatilia? Mkiuliza kumi kwa pamoja kwenye mkutano, jibu hupatikana upesi zaidi.

Hati hiyo iandikwe majina ya nani? Hapa ndipo nyumba nyingi za Kikurya zinapovunjika. Mzee ana wake watatu, kila nyumba ina mashamba yake inayolima, lakini siku ya fidia mwenye jina ni mzee peke yake, na akaunti ni yake peke yake. Hela inaingia Jumatatu, na kufikia mwisho wa mwezi pikipiki mbili zimenunuliwa na mke mdogo tu ndiye anayejua iliyobaki iko wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji iko wazi: mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Kila nyumba iandikishwe shamba lake, jina la mke likiwemo. Na hili linawahusu pia wajane na wanawake wa nyumba ntobhu, yaani walioolewa na mwanamke mwenzao, ambao shemeji huwakumbuka pale tu mpima anapoonekana na vyombo vyake. Mama, kama jina lako halimo kwenye karatasi leo, usingoje msiba ulilete.

Dalali naye. Huja na mtu mwenye viatu safi na bahasha, na maneno yake hayabadiliki kijiji hadi kijiji: "Mzee, hela hii hapa, tuandikishiane leoleo." Hiyo leoleo ndiyo inayokugharimu. Mtu anayekuharakisha anajua jambo ambalo wewe hujalijua bado. Jipe mwezi mzima. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, ya Tarime Vijijini ipo Nyamwaga na ya Serengeti ipo Mugumu, uulize kama eneo lako limo kwenye mpango wa mji, hifadhi ya barabara au leseni ya madini. Uliza majirani waliouza walipata ngapi. Kisha jiulize kama kuna ulazima wa kuuza.

Mara nyingi hakuna. Ukiwa na eka sita na shida yako ni ada ya shule, kodisha eka moja. Sheria inaruhusu kukodisha ardhi ya kijiji, kwa idhini ya halmashauri ya kijiji, na eneo likiwa kubwa au miaka ikiwa mingi, kwa idhini ya mkutano mkuu. Mkataba uandike kodi itapitiwa upya kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa sababu kodi iliyogandishwa miaka kumi mahali ambapo bei inapanda ni sawa na kuuza polepole bila kulipwa. Uandike pia majengo yatakuwa ya nani muda ukiisha. Anayekuja kuweka kambi ya watalii umwombe kitu cha zaidi: kodi ya msingi, pamoja na ada kwa kila mgeni anayelala. Hapo msimu ukiwa mzuri nawe unaona. Na kama mwombaji si Mtanzania, kumbuka hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji hata mtendaji akiapa. Akitumia jina la rafiki yake Mtanzania, ugomvi wao wa baadaye utakuangukia wewe.

Wapo wanaosema dawa ni hati ya kudumu. Ndugu zetu Wakurya wa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, wana hati za kudumu za mtu binafsi, na wengi wetu huzionea wivu. Wivu huo uwe na kiasi. Hata wao, tangu 1967, shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, kwa sababu serikali iliona baba wakiuza na familia kubaki njiani.

Fidia inahitaji nafasi kubwa, maana hapo ndipo fedha nyingi zinapoponyoka.

Siku mthamini anapofika, uwepo mwenyewe, na mkeo au mwanao mkubwa awepo. Tembea naye shamba zima. Kila mti uhesabiwe ukiona, na kaburi, na kisima, na choo, na zizi. Piga picha kwa simu. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye fomu yenye nafasi tupu, hata ukiambiwa "tutajaza ofisini"; na ukishatia, dai nakala. Ukiambiwa nakala hazitolewi, piga picha ya fomu yenyewe.

Halafu ujue kinachotakiwa kuwemo. Kwa kanuni za fidia za mwaka 2001, unastahili thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, na juu yake kuna posho ambazo wengi hawazidai kwa kuwa hawajui zipo. Posho ya usumbufu hukokotolewa kwa kuzidisha thamani ya mali yako na wastani wa riba ambayo benki za biashara hulipa kwa amana ya miezi 12. Tuseme mali ina thamani ya shilingi milioni 10 na riba hiyo ni asilimia 8: posho ni 800,000. Posho ya makazi ni kodi ya nyumba kama yako kwa soko la hapo, mara miezi 36. Nyumba ambayo ingepangishwa kwa 30,000 kwa mwezi inakupa 1,080,000. Posho ya usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 za mizigo hadi kilomita 20. Kama una duka au mashine ya kusaga, kuna faida uliyopoteza, nayo ni faida halisi ya mwezi mara 36, ila itatakiwa hesabu zilizokaguliwa. Kwa hiyo mwenye kibanda anayeandika mauzo kichwani ajue anajinyima mwenyewe.

Tazama sasa tegesha imesimama wapi katika hesabu hiyo. Posho za makazi, usafiri na faida iliyopotea hazilipwi kwa eneo ambalo halikaliwi na mtu siku ya tathmini. Maendelezo yaliyowekwa baada ya tarehe ya zuio, yaani siku iliyotangazwa kwamba maendelezo mapya yakome, hayahesabiwi, na siku hizi kampuni na serikali zina picha za angani zinazoonesha nyumba ilianza kusimama lini. Zaidi ya hayo, mwenye mtaji wa kujenga vibanda ishirini kwa wiki moja huwa si mkulima wa vijiji vya jirani na mgodi kama Kewanja au Komarera. Huwa ni mtu wa mjini aliyekuja na mafundi wake na mkataba wa kugawana, naye mwenye shamba hupewa fungu dogo, na hubaki na kesi likitokea la kutokea. Na vibanda hivyo vikiongeza hesabu ya mradi, malipo hucheleweshwa kwa uhakiki juu ya uhakiki, na jirani yako mwenye nyumba ya kweli, anayeambiwa asipande mazao ya kudumu, anasubiri pamoja nanyi. Ukimkaribisha wa tegesha shambani kwako, umemkaribisha pia kwenye foleni ya wenzako.

Muda nao una sheria yake. Tathmini ikishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, malipo yafanyike ndani ya miezi 6. Ikizidi hapo, riba inaanza kuhesabiwa kwa faida yako. Ikipita miaka 2 bila kulipwa, tathmini ile imekufa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini ya 2016, nayo inatakiwa irudiwe kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo kariri tarehe ya idhini kama unavyokariri siku ya kuzaliwa ya mtoto. Na fahamu kwamba fidia si lazima iwe noti: kanuni zinaruhusu kiwanja au shamba lenye ubora unaolingana, nyumba, miche, hata chakula kwa muda maalumu. Serikali ndiyo yenye hiari hiyo, lakini kijiji kikiomba kwa sauti moja kupitia mkutano mkuu, ombi lina uzito. Mimi ningeomba shamba kwa shamba. Mara nyingi milioni 12 hazinunui tena eka zilezile, kwa sababu wote mliolipwa mnatafuta ardhi wiki moja, na wauzaji wa jirani wanajua. Ukilipwa taslimu, nunua ardhi kwanza, tena mbali na mgodi, kisha ng'ombe, kisha mengine yasubiri.

Wachimbaji wadogo ni habari nyingine. Dhahabu iliyo chini ya shamba lako ni mali ya Jamhuri, na mwenye leseni anaweza kuwa mtu usiyemjua. Lakini leseni haimpi uso wa ardhi. Sheria ya Madini inamtaka apate ridhaa yako ya maandishi kabla ya kuchimba karibu na nyumba au shamba lililolimwa. Ridhaa hiyo ina bei. Andikeni mgawo wa mwenye shamba kwa kila duara, yaani shimo la kuchimbia, kama utahesabiwa kabla au baada ya gharama (hapo ndipo mnapoibiana), na nani atafukia mashimo. Maneno ya kirafiki juu ya mifuko ya mawe hayajawahi kumlipa mtu.

Kwa watu wa Serengeti, swali la nani afaidi limeshajaribiwa kwa vitendo. Robanda, kijiji kilicho jirani na Fort Ikoma, kilikuwa na makubaliano yake chenyewe na kampuni za utalii kwa sababu wanyama na wageni wanapita hapo. Kisha ikaundwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, JUHIWAI, yenye vijiji vitano: Robanda, Nyichoka, Nyakitono, Makundusi na Natta-Mbiso. Mapato yakawa ya wote, na Robanda ikaona imepunjwa. Manung'uniko yao nayaelewa, ila nadhani kugawana kulikuwa sahihi: nyumbu hawalishwi na Robanda peke yake. Kosa liko pengine. Kinachogawanywa na vijiji ni kile kinachobaki baada ya mafungu mengine kukatwa, na mwananchi ambaye tembo wamemaliza mahindi yake anapewa kifuta jasho, ambacho ni kidogo kuliko hasara. Mwenye kitanda cha hoteli analipwa kwa bei ya soko la dunia. Mwenye mahindi analipwa kwa huruma. Wajumbe wenu wa jumuiya waulizwe mikataba ya kambi inaisha mwaka gani, maana wakati wa kuongeza bei ni kabla ya kuihuisha.

Ukiamua kuuza kweli, kuna kodi. Shamba la kilimo lenye thamani chini ya shilingi milioni 10, ulilolilima angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyopita, halitozwi kodi ya ongezeko la mtaji. Juu ya hapo, Mtanzania mkazi hulipa asilimia 10 ya faida kama ana vielelezo vya gharama zake. Kama hana, tangu 2023 ni asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi kubwa. Najua jinsi wengi wanavyoikwepa: mnauziana kwa milioni 20 na mkataba unaandikwa milioni 6. Kabla hujafanya hivyo fikiria mthamini atakayekuja mwakani. Thamani ya soko anaitafuta kwenye mauzo yaliyoandikwa. Kila mkataba wa uongo unashusha fidia ya kijiji kizima, na ikibidi kwenda barazani, karatasi yako mwenyewe ndiyo itakayokushuhudia kwamba ardhi ya hapo ni ya bei ya chini. Na ile asilimia 10 ambayo viongozi wa vijiji na mitaa hudai kwa kila mauziano, waombe wakuoneshe sheria ndogo inayoiruhusu, na stakabadhi ya mashine ya halmashauri. Wakikosa vyote viwili, hiyo ni yao.

Bado hiyo kodi ya mauzo haimgusi anayekaa na ardhi akisubiri. Kodi ya majengo tunayokatwa kwenye LUKU ni bei moja kwa nyumba ya kawaida, iwe kando ya geti la mgodi au ndani kabisa kusikofika gari. Kama ningekuwa diwani, ningeanzia hapo: aliyeshika kiwanja kitupu kwenye barabara mpya alipe zaidi ya bibi mwenye nyumba ya tope. Haitatokea kesho, na madiwani wengine wana viwanja hivyo.

Kinachowezekana sasa ni kudai kilichokwisha kuingia. Mrabaha wa dhahabu, uliopandishwa hadi asilimia 6 mwaka 2017, unakwenda serikali kuu, na hisa asilimia 16 za serikali katika mgodi pia. Lakini ushuru wa huduma unalipwa halmashauri, na mpango wa mwaka wa huduma za kampuni kwa jamii lazima ukubaliwe na halmashauri, yaani miradi hiyo ina orodha na ina gharama zinazoweza kusomwa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inatakiwa itengwe kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri yenye mgodi ina fungu kubwa kuliko jirani zake. Kikundi chenu kimeomba?

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Huo mkutano ndio wenye sauti juu ya ardhi inayohamishwa kutoka kijijini: eneo lisilozidi hekta 250, mkutano wenyewe ndio unaokubali au kukataa; likizidi, Waziri anaamua baada ya kusikia maoni yenu. Muhtasari wa kikao kama hicho huwa na karatasi ya mahudhurio, na kuna vijiji ambavyo karatasi ya mahudhurio ya kikao cha bonde la maji ilibandikwa kwenye muhtasari wa kugawa ardhi. Kwa hiyo ukisaini mahudhurio, andika tarehe na ajenda pembeni ya jina lako kwa mkono wako, na mshauri jirani afanye vivyo hivyo. Mtendaji akinuna, mwache anune.